Afya ya utumbo wa samaki wa bwawani: viongeza gani vya chakula vinasaidia, na vipi vinakula pesa bure

Mbuzi akiharisha utaona zizini. Kuku akizubaa utamwona pembeni mwa banda. Samaki yuko chini ya maji, na mara nyingi mfugaji hugundua tatizo siku ya kuvua, baada ya miezi sita au minane ya kulisha, anapokuta samaki wengi wenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Chakula kimekwisha, pesa imekwenda, na familia iliyotarajia kitoweo na ada ya shule inabaki na ndoo moja ya samaki wadogo.

Sababu za samaki kudumaa ni nyingi, lakini moja haizungumzwi sana: utumbo wake haufanyi kazi vizuri. Anakula, ila kile anachokula hakiingii mwilini. Kwa sababu hiyo siku hizi zinauzwa pakiti na chupa za "viongeza" ambavyo muuzaji anasema vitasafisha utumbo wa samaki na kumkuza haraka. Wasikilizaji wetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Mbaha hadi Liuli na Mbamba Bay, na wale wa juu kwenye baridi ya Mbinga, wanatuuliza: je, ni kweli? Katika makala hii tunaeleza utumbo wa samaki unavyofanya kazi, viongeza gani vimethibitishwa, namna ya kuvitumia kwa gharama ndogo, na mambo ambayo hakuna kiongeza kinachoweza kuyarekebisha.

Jambo hili linauhusu sana mkoa wetu. Ufugaji wa perege kwa majaribio ulianza nchini mwaka 1949, Korogwe na Malya. Baadaye, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilipochapisha taarifa zake kuhusu Tanzania, lilikadiria kuwa nchi ina mabwawa zaidi ya 14,000 ya maji baridi, na Ruvuma ndiyo iliyoongoza, ikiwa na mabwawa karibu 5,000. Mengi yalikuwa madogo, wastani wa mita 10 kwa 15. Kwa hiyo tunapozungumzia bwawa katika makala hii, tunazungumzia bwawa la namna hiyo: la familia, linalochimbwa kwa jembe na kulishwa kwa pumba.

Utumbo wa perege unavyofanya kazi

Perege ana utumbo mrefu, unaozidi urefu wa mwili wake mara kadhaa. Ukimpasua utaukuta umejikunja kama kamba iliyozungushwa. Urefu huo unatokana na chakula chake cha asili, yaani majani laini, ukungu wa kijani wa majini na uchafu wa chini ya maji. Chakula cha namna hiyo huchukua muda kusagika. Kambale ni mla nyama zaidi, na utumbo wake ni mfupi. Ndiyo maana pumba tupu inaweza kumsogeza perege kidogo, lakini kambale itamwacha alivyo.

Kabla ya utumbo kuna tumbo lenye asidi kali. Mtafiti D. J. W. Moriarty alichunguza sato wa Ziwa George nchini Uganda, na mwaka 1973 alichapisha matokeo yake. Alikuta asidi ya tumbo la samaki huyo ni kali kiasi cha kupasua ganda la vimelea vya kijani ambavyo samaki wengi hawawezi kuvisaga. Alikuta pia kwamba asidi hiyo haipo wakati wote. Usiku samaki hali, na tumbo hutulia. Asubuhi anapoanza kula, asidi huanza kupanda polepole, hivyo chakula cha kwanza cha siku hupita bila kusagwa vizuri.

Somo kwa mfugaji liko wazi. Usimwage chakula kingi alfajiri. Wakati huo maji ni baridi, hewa ndani ya maji iko chini kabisa, na tumbo la samaki bado halijawa tayari. Lisha jua likishapanda, kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi, kisha tena saa tisa au saa kumi alasiri.

Ndani ya utumbo kuna jambo jingine: bakteria. Neno hili huwatisha watu, lakini bakteria wengi wa utumboni ni wenyeji wazuri. Wanasaidia kusaga chakula. Wanatengeneza asidi laini zinazolisha ukuta wa utumbo. Wanashika nafasi ili wabaya wasipate pa kukaa, kama shamba lililojaa maharage linavyokosesha magugu nafasi. Kwa perege, bakteria hao hutengeneza hata vitamini B12 ambayo mwili wa samaki unaihitaji. Kifaranga cha samaki huwapata bakteria wake wa kwanza kutoka kwenye maji na chakula. Kwa hiyo maji ya bwawa ndiyo mbegu ya afya ya utumbo wake.

Bakteria wazuri wakipungua, kwa sababu ya chakula kibovu, baridi, maji machafu au dawa zilizotumika ovyo, ukuta wa utumbo hulegea, wabaya kama wale wa jamii ya Aeromonas hupata mlango, na samaki huanza kudhoofika.

Dalili za kuangalia

Samaki hasemi, lakini huonyesha. Chunguza haya:

- Chakula kinabaki kikielea au kuzama zaidi ya dakika 20 baada ya kulisha, ilhali siku zilizopita kilikuwa kinaisha.
- Kinyesi cheupe, chembamba na kirefu kama uzi, kinachoning'inia kwa samaki au kuelea juu ya maji. Kinyesi cha samaki mwenye afya ni kizito kiasi, chenye rangi ya kile alichokula.
- Tumbo limevimba wakati mgongo umekonda, au kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili.
- Tundu la haja ni jekundu au limetokeza.
- Samaki wa rika moja wanatofautiana sana kwa ukubwa.

Ukiona dalili mbili au tatu kwa pamoja, vua samaki wawili, wapasue na uangalie utumbo. Utumbo mzuri una chakula ndani na ukuta wake ni imara. Utumbo mgonjwa mara nyingi huwa mtupu, una maji maji au ute wa njano, ni mwekundu, na hupasuka ukiuvuta kidogo. Hapo mwite afisa uvuvi wa kata au wa wilaya kabla hujanunua chochote.

Kwanza rekebisha chakula chenyewe

Tunasema hivi kabla ya kufika kwenye viongeza kwa sababu mara nyingi tatizo liko kwenye chakula chenyewe. Ukiongeza dawa ya utumbo juu ya chakula kinachouharibu utumbo, unachota maji kwa pakacha.

*Sumukuvu.* Mahindi, karanga, pumba na mashudu yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu. Sumu hii ilitambuliwa baada ya bata mzinga wengi kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Hapa kwetu, mwaka 2016, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa samaki huharibu ini na utumbo polepole, bila kelele. Wapo wanaosema mahindi yaliyooza yasitupwe, wapewe samaki. Hapana. Kupika au kuanika hakuiondoi sumu hiyo. Pumba ikishanuka uvundo au kushikamana mabonge ya kijani, izike shimoni.

*Soya mbichi.* Ruvuma inalima soya, na hiyo ni bahati kwa mfugaji wa samaki. Lakini soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini isisagike, na hukwaruza utumbo wa samaki. Moto ndio dawa yake. Chemsha soya kwa nusu saa kisha ianike, au ikaange hadi ibadilike rangi na kunukia, ndipo usage.

*Dagaa wa mchangani.* Dagaa wa ziwani walioanikwa chini hubeba mchanga mwingi. Unanunua kilo moja, na sehemu yake ni mchanga usiolisha mtu wala samaki, tena unakwaruza utumbo. Nunua dagaa wa chanjani, au uwapepete vizuri kabla ya kusaga. Ukitumia matumbo na vichwa vya samaki kutoka mwaloni, vichemshe kwanza. Vibichi huweza kuingiza magonjwa bwawani.

*Majani ya muhogo.* Yana sumu ya asili, hasa yale ya muhogo mchungu. Usiyatupe mabichi bwawani kwa wingi. Yakate, yanyaushe, yaanike, ndipo yasagwe kidogo katika mchanganyiko.

*Baridi.* Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na mabwawa ya mwambao yana joto karibu mwaka mzima. Juu Mbinga hali ni nyingine, hasa Juni hadi Agosti. Perege hula na kusaga vizuri maji yakiwa na nyuzi joto 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo, na karibu na 16 huacha kabisa. Chakula unachomwaga wakati huo huoza chini na kuchafua maji. Katika miezi ya baridi punguza chakula hadi nusu au chini yake, lisha mchana mara moja, na siku ya ukungu mzito usilishe.

Baada ya kurekebisha hayo, sasa tuzungumze kuhusu viongeza.

Viongeza vipo vya aina gani?

Kiongeza ni kitu kinachowekwa kwa kiasi kidogo katika chakula, si kwa ajili ya kumshibisha samaki, bali kusaidia chakula kifanye kazi au kulinda afya. Kwa utumbo wa samaki, makundi makubwa ni matano.

*1. Probayotiki.* Hawa ni vijidudu hai vizuri vinavyoongezwa ili vikae utumboni. Vinavyotumika sana duniani ni bakteria wa jamii ya Bacillus, bakteria wa maziwa waitwao Lactobacillus, na hamira. Bacillus wana sifa ya kutengeneza mbegu ngumu zinazostahimili joto na ukavu, ndiyo maana huuzwa kama unga.

*2. Prebayotiki.* Hiki ni chakula cha bakteria wazuri. Samaki mwenyewe hawezi kukisaga, lakini wenyeji wa utumboni wanakitumia. Sukari fulani zilizoko kwenye ganda la hamira ni za kundi hili. Kwa hiyo hamira hufanya kazi mbili: ikiwa hai ni probayotiki, na ikishakufa ganda lake bado linasaidia.

*3. Mimea.* Kitunguu saumu, tangawizi na mlonge ndivyo vinavyochunguzwa zaidi. Vina viini vinavyopunguza bakteria wabaya na kuamsha hamu ya kula.

*4. Vimeng'enya.* Pumba za mahindi na mpunga zina fosforasi nyingi iliyofungwa, ambayo samaki hawezi kuifungua. Kuna kimeng'enya kinachoitwa faitesi ambacho huifungua. Viwanda vya chakula hukitumia. Kwa mfugaji wa nyumbani, kuchachusha pumba hufanya sehemu ya kazi hiyo.

*5. Asidi.* Asidi za aina fulani na chumvi zake hupunguza bakteria wabaya utumboni. Hizi pia ni za kiwandani zaidi, na kuzipima nyumbani ni kazi ngumu. Hatushauri ujaribu.

Hamira: kiongeza cha bei ndogo chenye ushahidi

Kati ya vyote, hamira ya kuumulia maandazi ndiyo inayopatikana katika kila duka la kijijini. Watafiti wa Misri, nchi inayoongoza Afrika kwa ufugaji wa samaki, walichapisha mwaka 2008 jaribio la kulisha vifaranga vya sato hamira hai kwa wiki 12. Walijaribu viwango mbalimbali, kuanzia robo gramu hadi gramu 5 kwa kila kilo ya chakula. Samaki waliopewa hamira walikua vizuri zaidi na kuhimili zaidi walipoambukizwa bakteria wa Aeromonas. Kiwango walichopendekeza ni gramu 1 tu kwa kilo ya chakula.

Tupige hesabu ya bwawa la mita 10 kwa 15. Hizo ni mita za mraba 150. Ukiweka samaki 3 kwa kila mita, una samaki 450. Wakifikia wastani wa gramu 60, uzito wote ni kilo 27. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, ni gramu 810 za chakula. Kwa mwezi ni kama kilo 24. Hamira inayohitajika kwa mwezi mzima ni gramu 24, yaani pakiti ndogo mbili za gramu 10 au 11 na kidogo juu yake.

Anayekuuzia chupa kwa bei ya mfuko mzima wa pumba, muulize ina nini ambacho hamira haina.

Kitunguu saumu, tangawizi na mlonge

Kitunguu saumu nacho kina ushahidi. Katika jaribio jingine la Misri la mwaka 2006, sato walilishwa gramu 10 hadi 40 za unga wa kitunguu saumu kwa kilo ya chakula, na matokeo mazuri yalipatikana kwenye gramu 30. Tatizo ni gharama. Zaidi ya nusu ya kitunguu saumu kibichi ni maji. Ukitumia hata gramu 10 za unga mkavu kwa kilo, kwa kilo 24 za mwezi unahitaji gramu 240 za unga, yaani zaidi ya nusu kilo ya kitunguu saumu kibichi. Kwa wengi wetu hicho ni kitoweo cha miezi kadhaa. Kwa hiyo tunashauri kitunguu saumu au tangawizi vitumike kwa vipindi vifupi ambavyo samaki wana shida: wiki moja au mbili baada ya kuhamisha vifaranga, au baridi inapoanza. Kausha kivulini, saga, changanya.

Mlonge una protini na vitamini, na wengine hudhani kadiri ukizidi ndivyo bora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mlonge ukichukua hadi sehemu moja ya kumi ya protini ya chakula, perege waliendelea kukua vizuri. Ulipozidi hapo, ukuaji ulishuka, kwa sababu majani yake nayo yana viini vinavyozuia usagaji. Mlonge uwe kiungo tu. Usichukue nafasi ya dagaa au soya.

Namna ya kutengeneza chakula chenye hamira

Huu ni mchanganyiko wa kilo 10 unaotoa protini ya takribani asilimia 28 hadi 30, kulingana na ubora wa vitu ulivyopata. Unamfaa perege anayekua:

- Dagaa wakavu waliosagwa: kilo 2
- Soya iliyokaangwa na kusagwa: kilo 3
- Mashudu ya alizeti yaliyosagwa: kilo 2
- Pumba za mahindi au pumba laini za mpunga: kilo 2.5
- Unga wa muhogo wa kugandisha: nusu kilo
- Hamira: gramu 10

Fuata hatua hizi:

1. Chekecha kila kitu. Makapi makubwa ya pumba na maganda ya alizeti hayasagiki tumboni. Yaweke kwenye mbolea.
2. Pika unga wa muhogo uwe uji mzito. Uache upoe hadi uweze kutia kidole bila kuungua.
3. Changanya vikavu vyote vizuri, kisha mimina uji na ukande kama unga wa chapati.
4. Pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, au finyanga vipande vidogo kwa mkono.
5. Anika kivulini penye upepo, juu ya turubai au chanja, hadi vikauke na kuvunjika ukivikunja. Chakula chenye unyevu hupata ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu.
6. Weka kwenye mfuko mkavu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Tumia ndani ya mwezi mmoja.

Hamira inaingia wapi? Usiipike pamoja na uji. Moto huiua. Njia nzuri ni kuiongeza siku ya kulisha. Pima chakula cha siku hiyo, tuseme gramu 810. Koroga hamira chini kidogo ya gramu 1, kama robo kijiko cha chai, katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu yasiyotiwa dawa ya klorini. Acha dakika 15. Nyunyizia juu ya chakula, geuza kwa mkono, acha dakika 20 kinywe, kisha lisha. Kwa njia hii hamira hufika ikiwa hai.

Kwa asiyeweza kutengeneza chakula kamili na anategemea pumba, kuna njia ya kuichachusha. Weka pumba safi kwenye ndoo, tia maji ya uvuguvugu hadi zilowe bila kuelea, ongeza hamira gramu 1 kwa kila kilo ya pumba kavu, funika usiku mmoja. Kesho itakuwa na harufu ya togwa. Ikinuka uozo, mwaga. Pumba iliyochachuka husagika vizuri zaidi, lakini haigeuki kuwa protini. Samaki bado anahitaji dagaa, soya au rangi ya kijani ya maji.

Antibiotiki si kiongeza

Hapa tunaomba usome polepole. Wapo wafugaji wanaochukua dawa za kuku, kwa mfano zenye oksitetrasaiklini, na kuzichanganya kwenye chakula cha samaki "ili wasiugue". Dawa hizo huua bakteria wabaya na wazuri kwa pamoja. Utumbo unabaki kama shamba lililochomwa moto, na la kwanza kuota ni gugu. Mabaki hubaki kwenye minofu tunayolisha watoto. Bakteria wanaonusurika huwa sugu, na usugu huo hutoka bwawani kwenda mtoni na kwenye visima vyetu. Siku mtoto akiugua, dawa ileile inaweza isimponye.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuweka antibiotiki katika chakula cha mifugo kwa ajili ya kuikuza haraka, kuanzia 1 Januari 2006. Norway, inayofuga samaki wa baharini kwa wingi, ilitumia karibu tani 50 za antibiotiki mwaka 1987. Baada ya kuleta chanjo na kuboresha ufugaji, matumizi yalishuka hadi karibu tani moja katikati ya miaka ya 1990, huku samaki wakizidi kuongezeka. Inawezekana kufuga bila kutegemea dawa.

Antibiotiki itumike tu samaki wakiwa wagonjwa, kwa maelekezo ya mtaalamu, na kwa kusubiri siku alizozitaja kabla ya kuvua. Dawa za mifugo zinazouzwa nchini zinapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Pakiti isiyo na jina la kilichomo, kiasi, tarehe ya mwisho na namba ya usajili, iache dukani.

Pima mwenyewe kabla ya kuamini

Usituamini sisi tu, wala muuzaji. Bwawa lako litakuambia. Kila mwezi vua samaki 30 kwa wavu, wapime wote kwenye ndoo yenye maji, gawanya uzito kwa 30. Andika kwenye daftari. Andika pia kilo za chakula ulizotumia.

Mfano: samaki 450 wametoka gramu 60 hadi gramu 85. Kila mmoja ameongeza gramu 25, wote pamoja kilo 11.25. Umetumia kilo 24 za chakula. Gawanya 24 kwa 11.25, unapata kama 2.1. Maana yake unatumia kilo 2.1 za chakula kupata kilo 1 ya samaki. Ukianza kutumia hamira na namba ikashuka mwezi baada ya mwezi, inakufaa. Ikibaki palepale, tatizo liko kwingine: maji, baridi, msongamano au mbegu. Mwenye mabwawa mawili ana bahati zaidi. Aweke hamira bwawa moja, alinganishe na jirani yake.

Maswali tunayoulizwa mara nyingi

*Maziwa ya mtindi yanafaa?* Yana bakteria wa jamii ya Lactobacillus na wenzao, na wapo wanaoyatumia. Lakini kiasi chake hakijulikani, na maziwa yakizidi huchafua maji. Mtindi mpe mtoto. Kwa samaki tumia hamira.

*Samaki wakiacha kula, niongeze kiongeza?* Hapana. Kwanza acha kulisha siku mbili, badilisha sehemu ya maji, angalia kama kuna uozo chini. Kiongeza ni cha kulinda. Si dawa ya samaki aliyekwisha ugua.

*Samadi ya kuku au ng'ombe ina shida?* Samadi iliyooza vizuri hukuza ukungu wa kijani, chakula cha asili cha perege. Samadi mbichi nyingi hula hewa ya maji. Zamisha mkono hadi kwenye kiwiko: usipoviona vidole vyako kabisa, usiongeze samadi wala chakula mpaka maji yapungue ukijani.

*Nichukue wapi vifaranga?* Serikali ina kituo cha ukuzaji viumbe maji cha Ruhila, Songea. Muulize pia afisa uvuvi kuhusu aina. Hili ni muhimu kwa sisi wa bonde la Ziwa Nyasa. Mwaka 2013 watafiti waliandika kwamba sato wa kigeni ameshaingia katika maji yanayomiminika ziwani. Anaweza kuzaana na perege wetu wa asili na kuwamaliza. Bwawa lililo karibu na mto au ziwa liwe na wavu kwenye bomba la kutolea maji, na vifaranga vya kutoka mbali visiingizwe bila ushauri.

*Kiongeza kitafanya samaki wadogo waliodumaa wakue?* Kama wamedumaa kwa sababu wamezaana na kujaa bwawani, hapana. Wapunguze. Watatu au wanne kwa mita ya mraba wanatosha kwa bwawa lisilo na mashine ya hewa.

Mambo ya kukumbuka

- Lisha jua likishapanda, na punguza chakula wakati wa baridi.
- Kaanga au chemsha soya. Pepeta dagaa. Zika pumba yenye ukungu.
- Hamira gramu 1 kwa kilo ya chakula inatosha. Usiipike.
- Kitunguu saumu na tangawizi ni vya vipindi vya shida. Mlonge usizidi.
- Antibiotiki si chakula.
- Pima samaki 30 kila mwezi, uandike.

Mwite mwenzako asiyeweza kusoma umsomee hatua hizi, kisha muanze na jambo moja mwezi huu: mizani na daftari. Mwenye daftari ndiye atakayejua kama pakiti aliyouziwa imemsaidia samaki au muuzaji.